Shilingi 200 za Kila Wiki na Kisima cha Mamilioni: Jinsi Klabu Yako Inavyoweza Kupata Ruzuku ya Kimataifa

Nilipokuwa mwaka wa tatu chuoni, wenzangu wa klabu ya Rotaract walinichagua kuwa mweka hazina. Usidhani ni kwa sababu najua hesabu. Aliyekuwepo alikuwa anamaliza masomo, mimi nilikuwa nimekaa karibu na mlango, na laini yangu ilikuwa imesajiliwa kwa huduma ya pesa. Basi. Kuanzia Jumatano ile kila mwanachama akawa ananitumia shilingi 200 kwa wiki kwenye nambari yangu mwenyewe, ileile niliyonunulia chapati na kutumiwa pesa na mama.

Ndoto yetu ilikuwa kubwa kuliko mfuko wetu. Klabu moja ya Rotary mjini ilikuwa imetukaribisha kwenye mradi wa maji katika kijiji kimoja cha Kitui, mahali ambapo wakati wa kiangazi akina mama huchimba mchanga wa mto uliokauka, kisha wanasubiri maji yajichuje, kikombe baada ya kikombe, hadi mtungi wa lita 20 ujae. Kulikuwa na klabu ya Ulaya iliyokubali kushirikiana nasi. Kilichobaki upande wetu ni kuleta mchango, ukiwa na hesabu yake.

Sasa hapo kwa hesabu ndipo mambo yalipoharibika. Daftari langu lilisema tumekusanya KSh 61,400. Jumbe za simu, zile nilizokuwa sijafuta, zilisema KSh 57,950. Kuna waliotuma na kuniambia "hiyo ni yangu na ya roomie", kuna aliyenirudishia deni la chakula siku moja na mchango, kuna walionipa noti mkononi nikasahau kuandika. Wakubwa wetu wa ile klabu ya mjini hawakunigombeza. Waliniambia tu kwa upole kwamba pesa isiyoweza kuelezwa haiwezi kuingia kwenye bajeti ya ruzuku, niende nikaisafishe kwanza.

Nilichukua karibu miezi miwili. Sitasema mimi peke yangu ndiye niliyechelewesha mradi, kwa sababu ripoti ya upimaji wa maji nayo ilichelewa. Lakini Rotary hubadilisha uongozi dunia nzima Julai 1 kila mwaka, na tulipokuwa tayari, klabu ile ya Ulaya ilikuwa na rais mpya na mipango mipya. Tukarudi kutafuta mshirika upya. Kijiji kikaongeza kiangazi kingine cha kuchimba mchanga.

Tangu nianze kazi hapa, wateja wengi wanatuuliza jinsi ya kufungua akaunti ya chama, ya kanisa, ya klabu. Wachache wanauliza swali la pili: je, hizi pesa zetu ndogo zinaweza kuvuta pesa kubwa? Zinaweza. Na anayeamua mara nyingi si mwenye maneno matamu ya kuomba, ni mweka hazina.

Ruzuku inatoka wapi

Klabu za huduma ziko nyingi, Lions wakiwa na wakfu wao wa kimataifa ulioanzishwa mwaka 1968, na kila moja ina taratibu zake. Mimi nitakaa na Rotary kwa sababu ndiyo niliyoiishi.

Rotary ilianzia Chicago mwaka 1905. Huku kwetu Rotary Club of Nairobi imekuwepo tangu 1930, kwa hivyo si jambo geni. Mwaka 1917 Arch Klumph, aliyekuwa rais wa shirika hilo wakati huo, alipendekeza kuwe na hazina ya kudumu ya kufanya mema duniani. Mchango wa kwanza uliingia mwaka uliofuata kutoka klabu ya Kansas City. Ulikuwa dola 26 na senti 50, pesa zilizobaki baada ya mkutano. Nikikumbuka jinsi nilivyokuwa naona aibu na elfu hamsini zetu, natamani mtu angenisimulia hiyo mapema.

Hazina hiyo ndiyo leo inaitwa Wakfu wa Rotary, na inatoa ruzuku za aina mbili ambazo klabu ya kawaida inapaswa kuzijua. Ya kwanza ni ruzuku ya distrikti. Distrikti ni kundi la klabu za eneo moja. Kenya iko Distrikti 9212 pamoja na Ethiopia, Eritrea na Sudan Kusini. Ruzuku hii ni ya miradi midogo na ya muda mfupi, inasimamiwa na distrikti yenyewe, na inaweza hata kulipia utafiti wa mahitaji ya jamii kabla hujaanza mradi mkubwa.

Ya pili ni ruzuku ya kimataifa, na hapa ndipo penye mamilioni. Bajeti yake haiwezi kuwa chini ya dola 30,000. Ukipiga kwa shilingi 130 kwa dola, hiyo ni KSh milioni 3.9. Mradi lazima uangukie ndani ya maeneo saba: amani na kuzuia migogoro, kuzuia na kutibu magonjwa, maji na usafi, afya ya mama na mtoto, elimu ya msingi na kusoma na kuandika, maendeleo ya kiuchumi ya jamii, na mazingira, ambayo yaliongezwa mwaka 2021.

Na lazima kuwe na wadhamini wakuu wawili: klabu au distrikti moja katika nchi mradi ulipo, na nyingine nje ya nchi hiyo. Watu wengi wakisikia "mshirika wa nje" wanafikiria mzungu moja kwa moja. Klabu ya Kisumu inaweza kuwa mshirika wa nje wa mradi ulioko Uganda au Tanzania. Tumezoea kujiona upande wa kupokea tu, lakini fomu ile haiulizi rangi ya pasipoti.

Hesabu yenyewe, polepole

Hapa ndipo watu wengi huchanganyikiwa, hata walio ndani ya klabu kwa miaka. Wanadhani ukileta shilingi moja, Wakfu unaongeza shilingi moja. Zamani pesa taslimu za klabu nazo zilikuwa zikiongezewa kiasi. Siku hizi hazifanyiwi hivyo.

Kinachoongezewa ni fungu la distrikti, ambalo wenyewe hulitaja kwa kifupi DDF. Fungu hili linatoka wapi? Linatoka kwa wanachama wenyewe. Klabu zinapochangia mfuko wa mwaka wa Wakfu, pesa zile huwekezwa kwa miaka mitatu, kisha karibu nusu yake inarudi kwa distrikti iliyochanga ili iamue itazitumia wapi. Nyingine karibu nusu inaingia Mfuko wa Dunia, na sehemu ndogo inagharimia uendeshaji. Kwa hivyo anayechanga mwaka huu anamwekea rais wa klabu atakayekuja baada ya miaka mitatu.

Distrikti ikikubali kuweka sehemu ya fungu lake kwenye mradi wenu, Mfuko wa Dunia unaongeza asilimia 80 ya kiasi hicho. Kiwango hicho kimekuwepo tangu Julai 2021. Kabla yake ilikuwa asilimia 100.

Chukua mfano. Klabu ya watu 25, kila mmoja shilingi 200 kwa wiki, wiki 52. Hiyo ni KSh 260,000, yaani dola 2,000 kwa bei ile ya 130. Klabu mshirika ya nje inaleta dola 6,000 taslimu. Distrikti yenu inaweka dola 5,000 kutoka fungu lake, distrikti ya wale wenzenu inaweka 13,000. Fungu la distrikti kwa jumla ni 18,000, na asilimia 80 yake ni dola 14,400 kutoka Mfuko wa Dunia. Ukijumlisha zote unapata dola 40,400, zaidi ya KSh milioni 5.2.

Shilingi zenu 260,000 ni kama asilimia tano tu ya mradi huo. Unaweza kuuliza, sasa si tungewaachia tu wenye pesa? Haiendi hivyo. Klabu ya nje inataka kuona wenyeji wameweka mkono mfukoni, na kamati ya distrikti inataka vivyo hivyo kabla ya kugusa fungu lake. Ile asilimia tano ndiyo inayofungua mlango wa asilimia tisini na tano.

Jambo moja dogo la kukumbuka: pesa taslimu zikipitia kwa Wakfu, kuna asilimia 5 ya ziada ya kugharimia uchakataji. Zikiwekwa moja kwa moja kwenye akaunti ya mradi, hakuna ziada hiyo. Kwa dola 8,000 za mfano wetu, hiyo ni dola 400, pesa inayotosha kununua bomba.

Kuna milango ambayo imefungwa kabisa. Ruzuku hainunui ardhi wala majengo. Hailipi deni la kazi iliyokwisha kuanza au kumalizika. Ukichimba kwanza halafu uombe, umejichimbia mwenyewe. Haitoi bahasha ya pesa kwa shirika lingine likajiamulie. Na huruhusiwi kumwambia mwanakijiji alipe kitu ndipo apate mradi.

Kabla ya kuandika neno hata moja

Nilipofika Kitui mara ya kwanza na wenzangu nilikuwa nimeshachora bango kichwani: "Maji ni Uhai", picha ya mtoto anacheka, nembo ya klabu kwenye tangi. Elimu ya masoko hukufanya hivyo. Mama mmoja mwenyekiti wa kikundi cha wanawake alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza ni kisima cha ngapi hicho. Tukamwangalia. Kumbe umbali wa kama kilomita mbili kulikuwa na kingine, kilichochimbwa na wafadhili wengine kabisa, chenye maji ya chumvi ambayo hata ng'ombe walikuwa wanakunywa kwa kusita. Pampu ilikuwa imeharibika na hakuna aliyejali kuitengeneza, kwa sababu nani atachanga pesa kwa maji ya chumvi?

Ndiyo maana ruzuku ya kimataifa haianzi bila utafiti wa mahitaji ya jamii, na unaambatanishwa na maombi. Utafiti huo si fomu ya kujaza mkiwa hotelini. Mnakaa na wanawake peke yao, mnakaa na wazee, mnauliza mwalimu mkuu ni watoto wangapi hukosa shule siku za kuchota maji, mnauliza ni nini kilijaribiwa na kikashindwa. Baadaye ndipo mnaweza kugundua kwamba kijiji hakihitaji kisima kipya, kinahitaji kile cha zamani kifufuliwe, au matangi ya mvua shuleni.

Kwa mradi wa maji hapa Kenya kuna makaratasi ambayo huwezi kuyaruka. Mtaalamu wa maji ya ardhini apime eneo. Kibali cha kuchimba kinatoka kwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji, WRA, na NEMA nayo ina tathmini yake ya mazingira. Maji yapimwe maabara: ukambani tatizo huwa chumvi, sehemu za Bonde la Ufa huwa ni floridi ile inayoharibu meno ya watoto. Halafu ardhi. Ikiwa kisima kimekaa kwa shamba la mtu, leo ni mkarimu, kesho amefariki na watoto wake wameweka ua. Pateni barua au hati inayosema mahali hapo ni pa jamii kabla hata hamjaita mtambo.

Wakfu pia utawauliza nani atalipia ukarabati mkishaondoka. Hili swali lilikuwa likinikera, niliona kama wanatutega. Siku hizi naliona ndilo swali lenye akili kuliko yote. Huko Kwale na baadhi ya sehemu za Kitui kuna huduma iitwayo FundiFix, ambapo jamii hulipa ada ya kila mwezi na pampu ikiharibika fundi anakuja ndani ya siku chache, si wiki kadhaa kama ilivyokuwa. Baadhi ya pampu zilifungwa vifaa vinavyotuma taarifa kwa mtandao wa simu kuonyesha zinavyotumika. Ada ndogo, inayolipwa kwa simu, ikiandikwa. Kamati ya maji yenye nambari yake ya malipo, si ya simu ya mwenyekiti, inaweza kumwonyesha kila mtu kwamba shilingi tano za mtungi zimefika.

Pesa ikae wapi

Turudi kwa makosa yangu, maana ndiyo kazi ya blogu hii.

Klabu haiwezi kuomba ruzuku ya kimataifa kabla haijaidhinishwa. Wajumbe wake wanahudhuria mafunzo ya usimamizi wa ruzuku yanayoandaliwa na distrikti, na klabu inatia sahihi mkataba wa maelewano na distrikti. Kwenye mkataba huo mna mambo matatu ambayo mweka hazina anafaa kuyabandika ukutani: pesa za ruzuku zina akaunti yake ya benki isiyochanganywa na kitu kingine, akaunti hiyo ina watia sahihi wasiopungua wawili, na stakabadhi zote zinahifadhiwa kwa angalau miaka mitano.

Sasa linganisha na laini yangu ya chuoni. Mtia sahihi mmoja, ambaye ni mimi, na PIN iliyokuwa mwaka wangu wa kuzaliwa. Pesa za klabu na za chapati chungu kimoja. Stakabadhi ni jumbe ambazo simu ikiibwa kwa matatu zimeenda. Isitoshe laini ya mtu binafsi haibebi zaidi ya KSh 500,000, na muamala mmoja hauzidi KSh 250,000, kwa hivyo hata kama mngekuwa waaminifu kama malaika, mradi wa milioni tano haungetosha humo.

Ninachowaambia wateja ni hiki. Simu ni ya kukusanyia, benki ni ya kutumia. Fungueni nambari ya Paybill kwa jina la klabu lililosajiliwa, iunganishwe na akaunti ya benki ya klabu. Mkubaliane jinsi ya kujaza sehemu ya nambari ya akaunti: kwa mfano MAJI ikifuatiwa na jina la mwanachama kwa mchango wa mradi, ADA kwa ada ya klabu. Linaonekana dogo mpaka siku utakapopakua taarifa ya miezi sita na kupata kila shilingi imejipanga kwenye safu yake bila wewe kuandika chochote. Anayetaka kulipa taslimu kwenye mkutano, mwambie kwa heshima atume mwenyewe palepale. Mzee wa klabu asiyependa simu? Mtu mwingine amtumie huku ameandika jina la mzee, si lake.

Till inafaa mkiwa mnauza kitu, tuseme chai na mandazi kwenye matembezi ya hisani, lakini haina ile sehemu ya kuandika jina la akaunti, kwa hivyo mapato yake yaandikwe kama mauzo ya siku, si kama michango ya watu. Hapa klabu nyingi hukosea. Na ulizeni mapema nani anabeba gharama za kutuma, klabu au mtumaji, ili kiasi kinachoingia kilingane na kile mlichotangaza.

Taarifa ya akaunti ipakuliwe kila mwisho wa mwezi, si mwisho wa mwaka, na itumwe kwa watu wawili wasiokuwa mweka hazina. Nilikuwa naona hii ni kutoaminiana. Ukweli ni kwamba inamlinda mweka hazina kuliko mtu mwingine yeyote. Laiti ningekuwa na mtu wa pili wa kuangalia, ile tofauti ingeonekana Februari ikiwa mia tatu, si Mei ikiwa elfu tatu na mia nne.

Baada ya ruzuku kuingia, hesabu haziishi. Ripoti ya maendeleo inatakiwa kila miezi 12, na ya mwisho ndani ya miezi miwili baada ya mradi kukamilika. Manunuzi yawe na nukuu za bei kutoka kwa zaidi ya muuzaji mmoja, na kama shemeji wa rais wa klabu ndiye mwenye mtambo wa kuchimba, semeni wazi mapema. Klabu inayochelewesha ripoti inaweza kujikuta haipati ruzuku nyingine, na usisahau mshirika wa nje yuko hatarini pamoja nanyi, kwa sababu ripoti ni yenu wote wawili. Habari hizi husambaa. Klabu za distrikti moja huko nje huulizana, "wale wa Kenya wakoje?"

Kwa vijana wa Rotaract

Ninyi wenzangu, nyote mnaochangishana mia mbili mbili. Tangu Julai 2022 klabu ya Rotaract inaweza kudhamini ruzuku ya kimataifa yenyewe, mradi iwe imewahi kushirikiana na klabu ya Rotary kwenye ruzuku ya aina hiyo. Maana yake mradi wenu wa kwanza mnaufanya chini ya wakubwa, mkijifunza kwa macho yote mawili, na wa pili mnaweza kuomba kwa jina lenu.

Maombi yanajazwa mtandaoni kwenye Kituo cha Ruzuku ndani ya My Rotary, na yanapokelewa wakati wowote wa mwaka. Lakini kwa uzoefu wangu mchungu, anzeni mazungumzo na mshirika Julai au Agosti, uongozi ukiwa mpya pande zote mbili. Mkianza Machi mnakimbizana na kalenda. Mtaje mapema ni nani atakayeendelea na mradi uongozi ukibadilika, pande zote. Kila mdhamini anatakiwa kuwa na kamati ya watu watatu kwa ruzuku hiyo. Chagueni watatu ambao hawamalizi chuo mwaka mmoja.

Onyo moja kabla sijamaliza

Kila wiki wateja hutuletea jumbe za aina hii: "Hongera! Umechaguliwa kupata ruzuku ya Rotary dola 50,000. Tuma KSh 2,500 za usajili kwa nambari ifuatayo." Wengine wanatumia majina ya Lions, wengine ya Umoja wa Mataifa. Wakfu wa Rotary hautoi ruzuku hizi kwa mtu binafsi. Zinaombwa na klabu na distrikti pekee. Hata shirika lisilo la kiserikali lenye sifa nzuri lazima lipitie kwa klabu. Hakuna ada ya usajili inayotumwa kwa nambari ya simu ya mtu. Ukipokea ujumbe kama huo usitume kitu, usipige nambari hiyo, na usimpe yeyote PIN yako, hata akisema anapiga kutoka kwetu. Wasiliana na huduma kwa wateja kupitia nambari zilizoko kwenye programu yetu. Ukishatuma tayari, piga haraka, kwa sababu dakika zile za mwanzo, kabla aliyepokea hajatoa pesa kwa ajenti, ndizo zenye matumaini.

Kisima cha Kitui kilichimbwa hatimaye, karibu mwaka mmoja na nusu baada ya tarehe tuliyokuwa tumewaahidi, na mshirika mwingine kabisa. Maji yalitoka baridi, yasiyo na chumvi, na yule mama mwenyekiti alionja kwanza kabla ya kuruhusu mtu apige makofi. Mchango wetu wa Rotaract uliingia kwenye bajeti ukiwa KSh 57,950, kiasi tulichoweza kukionyesha. Nilipokabidhi vitabu, mweka hazina mpya alifungua daftari langu la zamani, akaweka kidole kwenye ukurasa wa mwisho, akaniuliza zile KSh 3,450 zilienda wapi. Mpaka leo sijui.